Raewyn Cuthill na Nyayo za Nyumba ya Mataura

Ijumaa tarehe 27 Juni, Raewyn Cuthill anastaafu kutoka ofisi yetu baada ya miaka thelathini na mmoja. Alianzia mapokezi, akahamia ukaguzi wa nyumba, na serikali ilipoanza kulipia familia za kipato kidogo sehemu kubwa ya gharama za pampu za joto, zile mashine za umeme za kupasha nyumba joto, yeye ndiye aliyepewa mkoa mzima wa Southland azunguke kushawishi watu wazikubali.

Haikuwa kazi nyepesi. Huku kwetu mtu hujivunia kustahimili baridi. Mzee mmoja wa mji wa Gore alimwambia mlangoni, "Dada, sisi baridi tunaivalia sweta." Raewyn akachungulia ndani. "Na ukuta wako ulioota ukungu, nao utaushonea?" Mzee akacheka, akatia sahihi.

Lakini nyumba ninayotaka kuisimulia iko kwenye mji mdogo wa Mataura. Raewyn hapendi itajwe. Leo hana la kunifanya.

Ripeka Tawhara aliishi humo na binti yake Anahera, mwenye pumu. Majira ya baridi ya mwaka mmoja mtoto alikuwa amelazwa mara mbili, na daktari aliulaumu moshi wa makaa ya mekoni. Ruzuku ilishapitishwa, lakini kila mafundi walipofika kuziba meko na kufunga pampu, Ripeka aliwarudisha. Tukaenda mimi na Raewyn. Ripeka alikuwa kazini, mtoto shuleni, tulipewa ufunguo.

Nyumba ni ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo; Raewyn akatambaa uvunguni mwake kukagua sakafu, nami nikabaki nje. Ndipo nikasikia nyayo ndani. Nzito, za mtu anayeburuta mguu, kutoka chumbani hadi mekoni. Zikasimama, zikarudi.

Raewyn akatoka na utando wa buibui kichwani. "Si ulisema hakuna mtu?"

"Hakuna. Ufunguo ninao mfukoni."

Tukafungua. Nyumba ilikuwa tupu. Ripeka alikuwa ameondoka alfajiri, lakini makaa mekoni yalikuwa mapya, ndiyo kwanza yanashika moto.

Ripeka aliporudi hakushangaa. "Huyo ni bibi yangu. Alilea watoto tisa mbele ya moto huo. Nikiuzima, aende wapi?"

"Unamwogopa?" Raewyn akauliza.

"Namwonea huruma. Tangu afe hajapumzika."

Mnamjua Raewyn: asichoweza kukipima hakiamini. Lakini siku hiyo alivua kofia, akachuchumaa mbele ya meko. "Bibi," akasema, "kazi yako tumeiona. Ila moshi huu unamziba pumzi kitukuu wako. Tunaleta kitu kingine cha kumtia joto. Hutahitaji kuamka tena." Ripeka akasali kwa Kimaori, lugha ya wazee wake, akilia. Kisha akasema mafundi waje.

Wiki iliyofuata meko yalizibwa, pampu ikafungwa ukutani. Fundi alipoiwasha, upepo wa joto ukashuka taratibu. Kisha nyayo zikaja kutoka chumbani, mguu ukiburutwa, zikaenda hadi mekoni. Zikasimama hapo muda mrefu. Fundi alishika bisibisi yake kama kisu. Ripeka alikuwa ameung'ang'ania mkono wa Raewyn.

Nyayo zikageuka, zikaja upande wetu, zikatupita. Kiti chenye mikono kilichokuwa chini ya pampu kikatoa mlio, mto wake ukabonyea, ukabaki hivyo. Baada ya hapo hatukusikia kitu ila mashine ikivuma.

Anahera hajalazwa tena tangu siku ile. Kwenye kile kiti hawakai, na hawajakihamisha.

Tulipoingia kwenye gari Raewyn hakuwasha injini. Alikaa ameshika usukani. "Nilidhani namfariji Ripeka tu," akasema.

Raewyn, kwa niaba ya ofisi nzima na ya kila nyumba uliyoingia na kuiacha ina joto, asante. Kapumzike vizuri. Tunakuombea afya, na miaka mingi ya raha.