Muuguzi wa Siku ya Tatu

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu, seremala mmoja alikuwa akibishana na mama aliyeketi naye.

"Kaka, aliyekuponya moyo ni daktari," mama alisema. "Kazi ya muuguzi inaishia getini."

"Wapi, dada! Siku ya tatu tangu nitoke hospitali alinipigia simu. Akaniambia nimwage dawa zote mezani, nimsomee kila pakiti. Kumbe nilikuwa nameza za zamani pamoja na mpya, na dawa ni ile ile! Kizunguzungu chote kile nikadhani ni uchovu wa kulala."

Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo niliposikia habari ya kusoma pakiti nilitega sikio sawasawa.

"Na mkeo hakuona?"

"Mke wangu ndiye aliyekuwa ananiletea, tena na maji ya uvuguvugu!"

Tukacheka hadi dereva akageuka.

"Lakini daktari ndiye aliyeziandika."

"Na muuguzi ndiye aliyenizuia nisijiue nazo! Tangu hapo ananipigia kila Jumatatu. Leo narudi karakana."

Basi likasimama. Seremala akajitwika sanduku lake la zana, akashuka ngazi bila kushika chuma cha mlangoni.

"Ni daktari!" mama akapaza sauti dirishani.

"Muuguzi!" akajibu, akitembea kama bwana harusi.