Msiinue Fimbo

Kijiwe chetu kipo Ikungi, pembeni ya barabara ya Dodoma: benchi moja mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Benchi ni langu, ingawa wanaolikalia wameshasahau. Dishi anafunga madishi ya televisheni, kwa hiyo anajiona ndugu wa setilaiti zote. Komando alipita jeshini, JKT, akawekwa jikoni mpaka anatoka, lakini usimkumbushe. Jesca anatuuzia kahawa na kashata. Asubuhi ile alikuja Yasinta, mtoto wa dada yangu, miaka ishirini na miwili, anayefanya kazi ya mtandaoni kwa simu. Alitoa shikamoo, akakaa ukingoni, akakataa kahawa. Nikaanza kuogopa kabla hajasema neno.

Yasinta: Mjomba, kazini nilisaini kwamba sitamwambia mtu. Wana namba ya kitambulisho changu, wana sura yangu.

Mimi: Kwani umeua mtu?

Yasinta: Ndicho ninachotaka kujua.

Nilikuwa natania. Jesca aliacha kumimina kahawa.

Komando: Subiri, binti. Zimeni simu kwanza. Wote!

Dishi: Kuzima ni bure, kaka. Simu ikizimwa ndiyo inasikia vizuri, haina kinachoisumbua.

Jesca: Acheni ujinga, mwenzenu anaumwa roho.

Hata hivyo simu ziliingia kwenye ndoo ya kashata, tukafunika. Niliwacheka, lakini ya kwangu ndiyo ilitangulia. Yasinta akabaki na yake mkononi.

Yasinta: Wananitumia picha zilizopigwa kutoka juu. Mimi nazungushia viboksi: hii nyumba, hili gari, huyu mtu. Walisema ni mambo ya kilimo.

Dishi: Picha za wapi?

Yasinta: Hawasemi. Mbali. Wiki iliyopita ikaja ya watu uwanjani, wamezunguka duara, fimbo mkononi. Wengine wameinua, wengine wameshusha. Nikajua hapo hapo.

Mimi: Wanapura.

Yasinta: Wanapura, mjomba, wanapiga nafaka itoke kwenye masuke. Hata makapi yanaonekana yamerundikwa upande wa upepo. Nikaandika wakulima. Ikarudishwa. Nikaandika tena wakulima, ikarudishwa, na onyo. Kanuni yao inasema kitu kirefu mkononi ni silaha. Mara ya tatu nikaandika wenye silaha.

Alisema hayo akitazama chini. Nilitaka kumwambia si kosa lake, nikashindwa, maana sikuwa na uhakika.

Jesca: Halafu?

Yasinta: Jana ikaja picha ya pale pale. Kisima kipo, njia ipo. Uwanja hakuna, kuna shimo jeusi.

Komando: Inaweza kuwa wamechimba bwawa.

Jesca: Kwa siku sita, Komando?

Komando: Jeshini tulikuwa tunachimba kwa siku mbili!

Dishi: Ulichimba viazi wewe. Sikilizeni, hiyo ni ile vita ya kwenye redio. Na wakishamaliza kupiga huko wanahamia kwenye nyumba zenye bati jipya. Bati linang'aa. Mimi kesho napaka langu matope.

Komando: Matope hayatoshi. Turudi kwenye tembe. Paa la udongo, juu unaachia majani, mbuzi wanapanda. Nani atapiga mbuzi?

Dishi: Mbuzi mwenyewe ana pembe ndefu. Kitu kirefu hicho!

 Dishi mwenyewe alishtuka kwa alichokisema, akakunja shingo ndani ya koti.

Mimi: Acha hiyo kazi, mwanangu. Leo.

Yasinta: Nikiacha, atapewa mwingine ambaye hajawahi kupura. Na sasa hivi ninayo nyingine hapa. Kijiji kingine. Wanaitaka kabla ya saa sita.

Alitugeuzia kioo. Watu wadogo kama punje, vivuli virefu kuliko wao. Kando yao kuna wanawake wameinama na nyungo. Sikuhitaji kuambiwa wanafanya nini. Niliogopa, nasema kweli, nikaogopa kwa ajili yao na kwa ajili ya huyu mtoto.

Jesca: Andika wakulima.

Yasinta: Itarudishwa.

Jesca: Andika tena.

Yasinta: Na mara ya tatu, dada Jesca?

Hapo akatokea mzee Antipasi, anatoka kwake kule bondeni, kofia mkononi. Tukasimama, tukamwamkia.

Antipasi: Marahaba. Mbona mmekaa kama mko msibani? Nimekuja kuwaalika. Kesho napura uwele wangu. Togwa lipo, kuku wawili wapo. Kila mtu aje na fimbo yake.

Kila mwaka huwa tunapokezana kuitikia kwa kelele. Safari hii kila mtu alitazama kwingine. Komando alitazama juu, akarudisha macho haraka.

Antipasi: Kulikoni? Nimewakosea?

Yasinta: Hapana, babu.

Aliinuka, akamshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili. Alikuwa analia waziwazi.

Yasinta: Pureni, babu. Ila nakuomba, msiinue fimbo.

Mzee alimtazama yeye, akatutazama sisi mmoja mmoja, akingoja mtu mzima amweleze.

Antipasi: Sasa mjukuu wangu, tusipoinua, tutapuraje?