Mzee Alfonce Masatu Anaondoka, na Kozi ya Oktoba Haina Mwalimu

Kwanza nyinyi wa kamati ya sherehe. Wiki tatu mmebishana kama mbuzi achomwe au apikwe mchuzi, na nani akae karibu na Bwana DC, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza nani atasimama mbele ya watunza masanduku tarehe sita Oktoba. Haya. Mmeniambia niandike maneno matamu ya kumuaga Mzee Alfonce, yasomwe Jumamosi ukumbini, yasizidi ukurasa mmoja. Matamu yatakuwepo. Ukurasa mmoja hautatosha, na karatasi zipo kabatini, naziona ninapofagia.

Mzee Alfonce Masatu anastaafu Jumanne, tarehe 30 Septemba 1958, baada ya kuitumikia serikali miaka ishirini na saba. Alianza mwaka 1931 akiwa tarishi wa boma hapa Musoma, akipeleka barua kwa miguu mpaka Butiama. Akawa karani wa mafaili. Mwaka 1948 Welfea yetu ya Iringo, hii nyumba ya mikutano na masomo, ilipopata chumba cha vitabu, wakubwa walitafuta mtu asiyekunywa pombe na asiyepoteza funguo. Wakampata yeye. Funguo alizipoteza mara mbili tu, na mara zote mbili zilikuwa mfukoni mwake.

Mwaka uliofuata wakampeleka Nairobi, wiki tatu, akajifunze kazi ya maktaba. Alirudi na daftari nene na koti zito la sufu. Hapo akapewa kazi ambayo ndiyo ninayotaka kuisema leo: kuwafundisha watunza masanduku. Msiojua, jueni. Sanduku ni la mbao, lina vitabu arobaini, linapanda lori kwenda kijijini na kubadilishwa kila miezi mitatu. Linakaa kwa mtu anayejua kusoma, awe fundi cherehani au mke wa dresa wa zahanati. Hao ndio maktaba yenyewe. Sisi hapa ni ghala lao tu. Kila Aprili na Oktoba wanakuja Musoma siku tatu kufundishwa, na hiyo ndiyo kozi.

Kozi ya kwanza, Aprili 1950, Mzee Alfonce aliifundisha akiwa ndani ya lile koti. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye ubao. Siku zote tatu aliwafundisha kuosha mikono, kufunga kufuli, kutomwazima kitabu mwenye mtoto mdogo. Ungedhani anafundisha askari jela. Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa Magige wa Kisorya. Huyo aliandika kila kitu, hata Mzee alipokohoa.

Oktoba wakarudi na masanduku yao. Vitabu vya Magige vilikuwa vinang'aa kama vimetoka dukani jana. Mzee aliviinua kimoja kimoja watu wote waone, akampa Magige zawadi ya mwavuli mpya. Kisha akamgeukia Salum Pazi, fundi cherehani wa Bunda, ambaye sanduku lake hukaa barazani karibu na mashine. Vitabu vya Salum vilikuwa na chaki na mafuta ya cherehani, na ndani ya kimoja mtu alikuwa ameweka gamba la samaki sato kuonyesha alipoishia. Mzee alimkaripia mbele ya wenzake.

Salum akajibu, "Bwana karani, hicho kimesomwa na watu thelathini wakingoja suruali zao. Ulitaka kirudi kama bibi harusi?"

Watu wakacheka. Mzee Alfonce hakucheka.

Baada ya mwaka mpya akaenda Kisorya mwenyewe, akamwone mwanafunzi wake bora. Haya alinisimulia nikikoroga gundi ya vitabu, na sikuongeza chumvi. Alipouliza njiani sanduku la vitabu liko wapi, hakuna aliyelijua. Mzee mmoja alimwambia lipo sanduku la serikali kwa Magige, lakini ni la dawa ya ng'ombe, haliguswi. Alilikuta uvunguni mwa kitanda, limefunikwa shuka safi.

Magige alikuwa amejaa fahari. "Si ulisema visichafuke, bwana? Hata wanangu nimewapiga marufuku. Hakuna mkono uliogusa."

Mzee Alfonce alilikalia lile sanduku, akaomba maji. Aliporudi Musoma alikuwa hatulii, anafungua droo, anafunga droo, mpaka nikamwambia asipokaa nitamfagia pamoja na vumbi.

Aprili ilipofika akaja kwenye kozi bila koti. Akasimama akasema, "Mwaka jana nilimsifu Magige nikamkaripia Salum. Magige hana kosa. Alifanya nilivyomfundisha. Aliyekosea ni mimi." Nyinyi vijana mnadhani ni jambo dogo. Siku zile karani wa serikali kusema amekosea mbele ya washona nguo na wavuvi, hatukuwahi kuona. Magige akataka kurudisha mwavuli. Mzee akakataa: "Kaa nao, bwana. Utajikinga jua ukizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia sanduku lina nini." Na Magige alizunguka. Siku hizi vitabu vya Kisorya vinarudi vinanuka samaki furu, na mimi nashukuru ninapovipangusa.

Tangu hapo kozi ikageuka. Siku ya kwanza kila mtu anaweka vitabu vyake mezani anasema kipi kimesomwa sana, na nani, na kipi hakikuguswa, na kwa nini. Mzee anauliza tu na kuandika. Siku ya pili Salum anafundisha kushona mgongo wa kitabu kwa uzi uliopakwa nta. Siku ya tatu Mzee alinipa mimi, nifundishe gundi ya unga wa muhogo, ambayo usipotia mrututu kidogo, ile sumu ya buluu, mende wanaila pamoja na kitabu. Mara ya kwanza bwana mmoja akanung'unika, "Leo tunafundishwa na mfagiaji?" Mzee akamwambia, "Kitabu chako kimevunjika mgongo. Mpe bibi akitengeneze, halafu wewe kakae nje." Alibaki ndani. Mpaka leo ananiletea dagaa. Na mimi herufi nilizijulia humu humu Welfea, darasa la watu wazima, nikiwa na wajukuu wanne.

Kwa kazi hiyo masanduku yalitoka manne yakafika kumi na moja. Lakini sikilizeni na hili. Mwaka 1955 Mzee alilazwa Mwanza miezi saba, na kozi zote mbili za mwaka ule hazikufanyika. Tukasema haidhuru, vitabu vipo. Wakati ule masanduku yalikuwa manane. Aliporudi alikuta matatu yamefungwa. La Butiama lilikuwa benchi la wagonjwa pale zahanati. Nyangi, anayelitunza, hakuona haya kumwambia: "Hakuna aliyeniuliza kitu, nikajua mmeacha. Na mimi nikaacha." Mnamlaumu? Mimi simlaumu. Hata wewe unayenisikiliza usingeendelea.

Sasa tumefika. Barua kumi na moja za kuwaita watunza masanduku Mzee amekwisha kuziandika kwa mkono wake. Zinangoja sahihi ya mkubwa mpya wa maktaba, yaani Stanislausi, aliyekuja Agosti na cheti cha Nairobi. Kijana ana adabu, na mwandiko wake unasomeka. Lakini wiki iliyopita aliniambia, "Bibi, kozi isubiri. Tuombe mtaalamu, labda mwakani." Nikamuuliza sababu. Akazungusha maneno, mwisho akasema, "Watu wazima wale, nitawaambia nini mimi?" Nilimpenda kwa kusema kweli. Anaogopa. Lakini Butiama haitangoja woga wake uishe.

Na Mzee mwenyewe hakai. Tangu Jumatatu anakwenda getini, anarudi, anauliza kama lori limefika, anapangusa masanduku niliyokwisha kuyapangusa. Alhamisi alikuja nilipokuwa nachemsha gundi akaniuliza kwa sauti ndogo, "Bi Mwanaamina, Oktoba watakuja kweli?" Nilikoroga tu.

Basi, Mzee Alfonce. Wewe uliyetufundisha na ukakubali kufundishwa, Welfea nzima inakushukuru. Nenda kwenu Majita, ule samaki angali anaruka, na mkeo Mama Eufrasia apumzike kufua mashati ya wino. Mungu akupe uzee wenye nguvu na wajukuu wenye adabu. Na usirudi hapa kabla ya Noeli kutukagua; ukirudi tutakufungia mlango.

Stanislausi, sasa wewe. Barua ziko mezani kwako upande wa kushoto, chini ya kofia yako. Zitie sahihi leo hii, kabla chakula hakijapakuliwa, maana lori la Bunda linaondoka Jumatatu asubuhi. Tarehe sita simama mbele yao, muulize kila mmoja kipi kimesomwa na kipi hakikuguswa, kisha nyamaza usikilize. Siku hiyo huhitaji elimu nyingine. Ya pili Salum anaijua, ya tatu niachie mimi. Kalamu ninayo hapa. Inuka.

Mwanaamina binti Omari, mfagiaji na mtengeneza vitabu