Meza ya Korido: Maisha ya Hilary Thirkettle

Majirani, marafiki na wote mliokuja kutusindikiza, Rowena, binti wa marehemu, anawasomea maisha ya mama yake kama mwenyewe alivyoagiza yasomwe, polepole na bila kuruka kitu.

Hilary Ann, mtoto wa tatu wa seremala Catchpole, alizaliwa Lowestoft tarehe 9 Machi 1958, akaanza shule Septemba 1963, akakalishwa nyuma kuchonga penseli za wenzake kwa kuwa herufi zilimshinda, na hakusoma ukurasa mzima hadi alipofika miaka kumi na mmoja, shangazi yake Olive alipomfundisha jikoni kwa maandishi ya makopo ya maharagwe.

Alifunga ndoa na Desmond Thirkettle, fundi bomba, tarehe 21 Julai 1979, wakajaliwa Rowena mwaka 1981 na Neil mwaka 1984, na baada ya miaka mingi ya kufungasha njegere kiwandani, tarehe 4 Septemba 1989 aliajiriwa kuwa msaidizi wa darasa katika shule ya msingi ambayo familia haitaitaja, akapewa meza ndogo kwenye korido, chini ya ndoano za makoti, ambako kila asubuhi kwa dakika ishirini aliketi na watoto watano waliochelewa kusoma, akiwafunza sauti ya kila herufi na namna ya kuziunganisha ziwe neno, kila mtoto na kioo chake kidogo auone mdomo wake ukifanya kazi.

Septemba 2013 alimpokea msichana wa miaka mitano, ambaye kwa ruhusa yake tunamsimulia bila kumtaja jina, aliyekuwa akisema, "Bi Hilary, leo mdomo unakataa," naye akimjibu, "Uache ukatae, mwanangu, kesho tutauvizia."

Tarehe 13 Januari 2015 mkuu wa shule, ambaye naye alikuwa na wakubwa wake waliomhesabia wanaofaulu mtihani wa kusoma wa Juni, alimwambia, "Huyu hata tumbebe mgongoni hafiki, Hilary, nipe anayeukaribia mstari," na marehemu, ambaye mkataba wake ulikuwa wa mwaka hadi mwaka, alimpokea mvulana aliyepungukiwa alama mbili tu za kufaulu, mahali pa msichana huyo, na mchana ule msichana alipomuuliza, "Kesho na mie?" akamjibu, "Kesho."

Kesho yake mtoto alikuja na kioo chake, akasimama chini ya makoti mpaka mwalimu wa darasa alipomshika mkono akamwondoa, na Juni wale watano walifaulu wote, keki ikakatwa katika chumba cha walimu, na marehemu alikula kipande chake.

Aliomba mara mbili amfundishe msichana huyo saa ya chakula, akakataliwa, na Julai 2016 meza ikaondolewa ili mashine ya kunakilia ipate mahali, naye akastaafu mwaka 2018.

Novemba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akamtuma Rowena amtafute yule msichana, aliyekuja akiwa na miaka kumi na sita, mrefu, mcheshi, na kadi aliyoichagua kwa sababu ya picha iliyokuwa juu yake, na marehemu alipomwomba amsomee maneno ya ndani, alicheka, "Si usome wewe, Bi Hilary, wewe ndiye mwenye miwani," basi marehemu akaisoma mwenyewe, yote, kwa sauti, na baada ya mgeni kuondoka hakutaka chai wala mazungumzo.

Alifariki tarehe 14 Februari 2024, saa nne asubuhi, Desmond akiwa kando ya kitanda chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, jirani yetu Pearl Utting kwa supu ya kila Jumanne, wafanyakazi wenzake, na mkuu wake wa zamani, ambaye hakulazimika kuja, naye amekuja.

Mmeona kwamba mlangoni hamkupewa karatasi ya ibada, na kwamba nyimbo ni mbili tu, zile ambazo kila mtu mjini hapa anazijua kwa moyo. Aliagiza hivyo siku ya ile kadi, ili leo asiwepo mtu humu wa kushika karatasi na kujifanya anaifuata.

Pumzika kwa amani, Mama.