Mabuti ya Bwana Shamba

Kwenye basi la Korogwe kwenda Handeni, mbele yangu Mzee Mbaruku alikuwa amemkalia kooni Hiza, bwana shamba wa kijiji chao. "Nimehesabu tangu tuhamie ujamaani. Ukija na mabuti, mvua inanyesha. Ukija na makubazi, jua. Mbegu zinaliwa na fukusi, mwanangu, na leo umevaa makubazi!"

"Mzee wangu, mabuti navaa nikiona mawingu."

"Mawingu yametudanganya mara nyingi. Mabuti yako, mara moja tu."

Basi likasimama Sindeni, kijijini kwao, Hiza akashuka. Wanakijiji waliokuwa wakimngoja ili waanze kupanda mashambani walimtazama miguuni, wakajitwika madebe yao ya mbegu, wakarudi nyumbani bila hata mmoja kutazama angani.