Zambarau ya Sendofu

Kwenye basi dogo la Kosta kutoka Igawa, kiti cha mbele yangu, Mama Leokadia alikuwa akikagua bango la sendofu, sherehe ya kumuaga bintiye anayeolewa, kwenye laptopu ya Adrian, kijana aliyelitengeneza.

“Mbona zambarau inaishia nyeupe huku chini? Wakwe watasema wino ulituishia.”

“Mama, nimeifanya ififie makusudi. Ndiyo fasheni.”

“Kufifia, kwenye sherehe ya mwanangu? Jaza kote!”

Adrian akabofya alama ya kindoo cha kumwaga rangi. Zambarau ikamwagika mpaka kwenye shela ya bibi harusi pichani, maana nayo ilikuwa nyeupe.

“Umemzamisha!”

“Si umesema kote?”

Mwanangu niliyempakata akacheka. Yeye hana wakwe wa kuwaogopa. Tulipofika Mwanjelwa walishuka wakibishana, Mama Leokadia ameikumbatia laptopu, bango lisije likachapwa bila yeye kulikagua.