Wivu Haukumuua Omer

Wapendwa ndugu, majirani na marafiki, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya Omer, mimi Isidore, ndugu yake wa baba mmoja, mtoto wa Mama Fortunée, mke wa pili.

Omer alizaliwa hapa Kalemie tarehe 9 Mei 1999, kifungua mimba wa Papa Zacharie, fundi wa gari la moshi, na Mama Pascasie, mzaliwa wa Kirungu, nami nikazaliwa Septemba mwaka huohuo. Miezi sita alinyonya vizuri, halafu masikio yakaanza kutoka usaha, kifua kikajaa, homa ikawa inapona na kurudi. Wadogo zake David na Sébastien waliugua vilevile, mmoja akafariki mwaka 2004, mwingine 2007, kabla ya kutimiza miaka minne, wakati mimi sikulazwa hata siku moja, na maneno ya majirani yakaanza pale bombani tulikoteka maji: «Fortunée, wako ananenepa, wa mwenzako wanaisha, unawalisha nini?» Mwezi wa Agosti mwaka huo wa 2007 mama yangu alifukuzwa kwa tuhuma za kuwaroga kwa wivu, tukarudi kwao Zongwe.

Omer alisoma kwa kukosa darasa mara nyingi, Papa akimpeleka kwa baiskeli, amemfunika koti lake la kazi, naye akapata diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari mwaka 2019. Habari za koti hilo zilinifikia Zongwe, nikamwonea wivu, nikatamani niugue hata wiki moja, na zaidi ya mara moja nikatamani yeye asipone. Ninayasema haya mbele ya jeneza lake, kwa sababu kama wivu ungeua, wa kushitakiwa ni mimi.

Alianza kazi bandarini, katika biro, yaani ofisi, ya mizigo, mwaka 2020, akafunga ndoa na Elodie tarehe 12 Juni 2021, wakapata binti, Léontine.

Mwaka 2022 daktari alimuuliza Mama Pascasie habari za kaka zake yeye mwenyewe, akajibu kwamba wawili walikufa wadogo kule Kirungu, watu wakasema ni baridi ya milima. Damu ya Omer ikatumwa mbali, jibu likarudi kwamba mwili wake haukuweza kutengeneza kinga ya kupigana na vijidudu, na miezi ile sita ya kwanza alilindwa na kinga aliyopewa na mama yake tumboni. Kasoro hiyo hupita kwa mama asiyeugua wala kujua, na kuwapata baadhi ya wanawe wa kiume, naye Mama Pascasie hakuichagua, kama asivyochagua sura aliyowapa. Baba aliye nayo humpa kila binti yake bila binti kuugua, kwa hiyo Léontine akiwa mama, wavulana wake wapimwe mapema.

Omer alipanda boti mwenyewe hadi Zongwe kumweleza mama yangu jibu hilo, naye akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia tu: «Kaa, baba, umekonda, ukule kwanza.»

Dawa ya kuongezewa kinga kila mwezi haikupatikana kwetu, akafariki tarehe 3 Februari 2025 kwa ugonjwa wa mapafu. Jana kwenye kikao tuliombwa tuandike «ugonjwa mfupi». Ulikuwa wa miaka ishirini na mitano, na mama yangu amesimama nje ya ua tangu asubuhi kwa sababu watu hawakuujua.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wenzake wa bandarini, na majirani wote, hata wale wa bombani. Sasa tunamwomba Mama Fortunée aingie, akae mkekani karibu na Mama Pascasie, nasi tutamsubiri, jeneza halitainuliwa kabla hajaketi.

Omer, ndugu yangu, amani iwe nawe, pumzika.